Mwenye, Mmiliki na Mwenyeji: Cheo cha Urithi na Ardhi ya Familia, kutoka Doddington hadi Mbulu na Hanang



1. Utangulizi

Neno la Kiingereza baronet ni miongoni mwa maneno yanayomsumbua mfasiri wa Kiswahili. Akiandika baroneti, atakuwa ameihamisha sauti na kuiacha maana ng'ambo. Akiandika bwana, atakuwa amemtaja kila mwanamume anayestahili heshima, kuanzia bwana harusi hadi bwana shamba. Akiandika mwinyi, ataiingiza Unguja na pwani ya Mrima katika habari za Cheshire. Akiandika kabaila, atakuwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Mada hii inalichukua tatizo hilo la msamiati kuwa mlango wa kuingilia katika suala zito zaidi, yaani uhusiano uliopo baina ya cheo, ukoo na ardhi. Eneo linalochunguzwa ni wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Ikumbukwe kwamba mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Arusha, na kwamba Mbulu ya wakati wa ukoloni ilikuwa pana zaidi kuliko ya leo: Hanang, Babati na Karatu zote zilikuwa ndani yake. Ni katika eneo hilo la Mbulu ya zamani ambamo yalizuka mashauri mawili ya ardhi yanayotajwa sana katika historia ya sheria ya Tanzania. Katika mashauri yote mawili swali lilikuwa moja: nani mwenye ardhi, na ushahidi wake ni upi?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba familia za Mbulu na Hanang zilikuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu ardhi yao. Ushahidi huo ulikaa katika makaburi, katika mipaka na katika vinywa vya wazee. Sehemu ya hasara iliyowapata ilitokana na lugha ya sheria kudai umilikaji mahali ambapo watu walikuwa wakieleza uenyeji. Ili jambo hilo lionekane vizuri, inafaa kuanza na maisha ya mtu aliyekuwa na kila hati ambayo sheria ya Kiingereza ingeweza kuidai.

2. Baroneti na ukoo wake

Cheo cha baroneti kilianzishwa na Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza mwaka 1611. Mfalme alihitaji fedha za kugharimia askari katika jimbo la Ulster, nchini Ireland. Aliyetaka cheo alipaswa awe na pato la ardhi lisilopungua pauni 1,000 kwa mwaka, kisha alipe pauni 1,095, kiasi kilichotosha kuwalisha na kuwalipa askari 30 kwa miaka mitatu. Aliyelipa aliitwa Sir, na mkewe akaitwa Lady. Cheo hicho hakikumpa kiti katika Baraza la Mabwana, kwa hiyo baroneti hakuhesabiwa miongoni mwa makabaila wakubwa wa ufalme. Hata hivyo, kilikuwa cha kurithishwa: baba alipofariki, mwana mkubwa wa kiume alikishika bila ya kuchaguliwa na mtu yeyote.

Ukoo wa Broughton ulipata cheo hicho mwaka 1661. Makazi yao makuu yalikuwa Doddington, katika jimbo la Cheshire. Sir Henry John Delves Broughton, aliyejulikana kwa jina la Jock, alizaliwa mwaka 1883 na akawa baroneti wa 11 mwaka 1914. Alirithi maelfu ya ekari, jumba kubwa na jina lililodumu kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Katika miaka iliyofuata aliuza sehemu kubwa ya ardhi hiyo, na kamari pamoja na mbio za farasi zilikuwa na mchango wake katika kupungua kwa mali. Mwaka 1940 ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Mwezi wa Novemba mwaka huo alimwoa Diana Caldwell mjini Durban, na wote wawili wakahamia Kenya.

Mambo yaliyofuata yanajulikana sana katika Afrika Mashariki. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, Josslyn Hay, Lodi wa Erroll, ambaye uhusiano wake na Diana haukuwa siri, alipigwa risasi na kuuawa ndani ya gari lake, nje kidogo ya Nairobi. Baroneti alishtakiwa kwa mauaji, na kesi yake ilianza kusikilizwa mwezi wa Mei. Tarehe 1 Julai 1941 aliachiwa huru, baada ya upande wa mashtaka kushindwa kuzihusisha risasi zilizotumika na bastola yake. Alirejea Uingereza akiwa peke yake, na mwezi wa Desemba 1942 alifariki katika hoteli moja mjini Liverpool kwa kujidunga dawa ya mofini kupita kiasi.

Vitabu na filamu vimeshughulika mno na swali la nani alimuua Erroll. Kwa madhumuni ya mada hii, yaliyotokea katika ukoo baada ya hapo yana uzito zaidi. Cheo kilipita kwa mwana, Sir Evelyn, aliyekuwa baroneti wa 12 hadi alipofariki mwaka 1993. Mwanawe pekee wa kiume alikuwa amekwisha kufariki akiwa mtoto mdogo. Mabinti walikuwapo, akiwamo Isabella Blow, mhariri mashuhuri wa masuala ya mitindo mjini London, aliyefariki mwaka 2007. Hata hivyo, cheo hakikuweza kushikwa na binti, hivyo kikavuka nyumba hiyo na kumwendea jamaa wa kiume. Kwa upande wa Kenya, Diana aliolewa na Gilbert Colvile, mwenye mashamba makubwa ya mifugo, na mwaka 1955 akaolewa na Lodi Delamere wa nne. Huko ardhi ilifuata ndoa na wosia, na cheo kilifuata damu ya kiume.

Mambo mawili yanadhihirika katika habari hiyo. Kwanza, baroneti aliweza kuuza ardhi ya mababu na bado akabaki baroneti. Cheo kilizaliwa kutokana na ardhi, lakini kilijifunza kuishi bila ya ardhi. Pili, ushahidi wa haki yake ulikaa katika karatasi zilizoandikwa na kutunzwa: hati ya mfalme, daftari la ukoo, hati ya shamba, wosia. Hakuna jirani aliyehitajika kusema kwamba anamfahamu.

Aidha, isisahauliwe kwamba mashamba ya walowezi wa Kenya yalikuwa na watu. Mwafrika aliyeishi humo kwa masharti ya kumfanyia kazi mwenye shamba aliitwa skwota, hata kama babu yake alizikwa katika ardhi ile ile. Neno hilo litarejea hapa chini, likiwa katika kinywa cha Jaji Mkuu wa Tanzania.

3. Msamiati wa Kiswahili kuhusu mtu na ardhi

Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno ya kumtaja mtu mkubwa wa nchi. Mwinyi ni umbo lililotokana na mwenye, na huko Unguja mtawala wa asili aliitwa Mwinyi Mkuu hadi alipofariki wa mwisho wao mwaka 1873. Neno kabaila, lenye asili ya Kiarabu na linalohusiana na kabila, lilipata maana kali ya kisiasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kila kiongozi wa TANU na wa Serikali awe mkulima au mfanyakazi, na asishiriki katika jambo lolote la kibepari au la kikabaila. Neno bwanyenye nalo, ambalo ndani yake husikika bwana na -enye, lilitumika kwa lawama iyo hiyo.

Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kiambajengo -enye chenyewe. Mwenye shamba ni mtu aliye na shamba. Lakini pia kuna mwenye homa, mwenye njaa na mwenye haya, wala hakuna anayemiliki homa. Mwenyekiti hana hati ya kiti anachokikalia. Anakikalia kwa sababu wenzake wamemkubali. Hivyo -enye huonyesha kwamba mtu na kitu viko pamoja, na kwamba wanaotazama wanavijua kuwa viko pamoja. Miliki, neno lililotoka katika Kiarabu, hudai zaidi ya hapo. Mmiliki ana haki ya kuwazuia wengine, haki ya kuuza, na katika matumizi ya sheria za sasa ana hati.

Katikati ya maneno hayo mawili limesimama mwenyeji. Mwenyeji ni mtu wa mahali. Papo hapo ni yule anayempokea mgeni, ndipo Waswahili wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu hawezi kuwa mwenyeji peke yake porini. Uenyeji huthibitishwa na majirani wanaomjua, na wageni aliowapokea, na wazazi wake waliozikwa hapo. Ni haki yenye mashahidi wengi, ijapokuwa haina karatasi.

Sheria ya kikoloni ya Tanganyika ililigusa jambo hili bila ya kulimaliza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma, chini ya Gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yalizitambua haki za wenyeji waliotumia ardhi kwa mujibu wa mila zao, na haki hizo zikahesabiwa kana kwamba zimetolewa, ingawa hakuna aliyewaandikia. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika kijitabu cha Mali ya Taifa, akipinga mpango wa kuruhusu ardhi imilikiwe na mtu moja kwa moja na kuuzwa kama bidhaa. Alieleza kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, na kwamba kinachomfanya mtu awe na haki juu ya kipande chake ni jasho alilomwaga katika kukisafisha na kukilima. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umilikaji wa kudumu uligeuzwa kuwa ukodishaji wa muda maalumu kutoka Serikalini. Tangu hapo baroneti wa aina ya Broughton asingeweza kuwa na Doddington yake Tanzania. Swali lililobaki lilihusu mwenyeji: je, haki yake nayo ilikuwa na nguvu gani?

4. Mbulu: jina la chifu, shamba la baba na mwana

Kabla ya utawala wa Wajerumani, Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu hawakuwa na mtawala mmoja aliyerithisha enzi. Nchi iligawanyika katika maeneo yaliyoitwa aya, ambayo mipaka yake ililindwa kwa matambiko, na mambo ya kila eneo yaliamuliwa na wazee katika baraza. Waganga wakuu walishauriwa kuhusu mvua, mipaka na maradhi, lakini ardhi haikuwa shamba lao. Uchifu wa nchi nzima ulikuja pamoja na ukoloni. Kwa maana hiyo cheo cha chifu wa Mbulu kilifanana na cha baroneti katika jambo moja: vyote viwili vilitokana na mahitaji ya serikali kuu.

Hata hivyo, cheo hicho kilipata mizizi, kama unavyoonyesha uchaguzi mkuu wa mwaka 1960. Viti vilivyogombewa vilikuwa 71. Katika viti 58 wagombea wa TANU walipita bila ya kupingwa. Mbulu ilikuwa miongoni mwa majimbo machache yaliyopiga kura. Mgombea rasmi wa TANU alikuwa Chifu Amri Dodo wa Wagorowa. Chifu Herman Elias Sarwatt wa Wairaqw, naye akiwa mwana TANU, alisimama kama mgombea binafsi na kushinda. TANU ilipata viti 70 katika nchi nzima. Cha 71 kilikuwa cha Mbulu. Wapiga kura hao hawakuwa wapinzani wa Uhuru. Walimchagua mtu ambaye jina lake na la baba yake walilijua.

Mwaka 1963 sheria iliyoweka machifu ilifutwa. Kinyume na baroneti, ambaye cheo chake kilibaki baada ya ardhi kwisha, huku Mbulu cheo kiliondoka na ardhi ikabaki kwa watu, kila nyumba na shamba lake. Majaribu makubwa ya ardhi hiyo yalikuja na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Familia zilihamishwa, mashamba yakagawiwa upya, na mara nyingi mtu alijikuta akitazama wengine wakilima mahali alipofyeka baba yake. Katika miaka ya 1980 waliopoteza mashamba katika mkoa wa Arusha walianza kwenda mahakamani, na wengine walishinda.

Miongoni mwao walikuwa baba na mwana, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, ambayo leo imo katika wilaya ya Karatu. Walifungua shauri katika Mahakama ya Hakimu Mkazi ya Arusha, wakashinda na kurejeshewa shamba lao walilolishika kwa mila. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika vijiji hivyo bila ya fidia, na kuziondolea mahakama za kawaida uwezo wa kuyasikiliza mashauri ya aina hiyo. Baba na mwana walipinga sheria yenyewe kwa mujibu wa Katiba. Mahakama Kuu mjini Arusha ilikubaliana nao, na Serikali ikakata rufaa.

Hukumu ya Mahakama ya Rufani ilitolewa mwezi wa Desemba 1994, na kusomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Upande wa Serikali ulikuwa umedai kwamba haki ya kimila si mali inayolindwa na Katiba. Jaji Mkuu alieleza kwamba kama hoja hiyo ingekuwa sahihi, basi wananchi walio wengi wa Tanzania wangekuwa maskwota katika nchi yao wenyewe. Mahakama iliamua kwamba haki ya kimila ni mali, na kwamba kuichukua bila ya fidia ya haki ni kinyume cha Ibara ya 24 ya Katiba. Ilikwenda mbele zaidi na kusema kwamba hata pale ambapo hakuna jengo wala mazao ya kudumu, mtu aliyeweka nguvu zake katika ardhi anastahili kulindwa. Katika kufikia uamuzi huo mahakama iliyategemea maneno ya Nyerere ya mwaka 1958 kuhusu jasho la mkulima.

Katika hukumu hiyo, neno skwota lilitumika kulinda watu wa aina ile ile ambao, katika mashamba ya walowezi, lilikuwa limetumika kuwanyima haki. Familia moja ya Mbulumbulu, isiyo na cheo chochote, iliiwezesha sheria ya nchi kuusikia uenyeji.

5. Hanang: kaburi kama hati

Miaka tisa kabla ya hapo, katika tambarare za Basotu wilayani Hanang, mambo yalikuwa yamekwenda kinyume. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, hufuga ng'ombe kuuzunguka mlima Hanang. Malisho yao yalifuata mzunguko wa majira: kuna malisho ya masika na malisho ya kiangazi, na bora kuliko yote ni mabonde yenye rutuba wanayoyaita muhajega. Ardhi ya malisho haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Mambo yake yaliamuliwa na mabaraza yanayoitwa girgwageda, katika ngazi ya ujirani na ya ukoo. Wanawake nao wana baraza lao, lenye uwezo wa kumhukumu na kumtoza mwanamume aliyevuka mpaka wa heshima.

Kwa watu hao kaburi ni jambo kubwa. Mzee mwenye heshima, na wakati mwingine mwanamke, anapofariki, huweza kufanyiwa maziko ya pekee yaitwayo bung'eda. Juu ya kaburi hujengwa kichuguu cha udongo na miti, ambacho huinuliwa kwa hatua. Sherehe zake huchukua miezi kadhaa, hadi tisa, na huwakusanya watu wa koo nyingi kutoka mbali. Mahali hapo huwa patakatifu, na watoto na wajukuu huendelea kupazuru. Mtafiti George Klima, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wabarabaig mwaka 1970, alieleza kwa kirefu maziko hayo. Katika jamii isiyotumia maandishi, kaburi la namna hiyo hufanya kazi ya daftari: linataja jina, linataja ukoo, na linaonyesha mahali. Jumba la Doddington halikusema zaidi ya hayo.

Mnamo mwaka 1970 ulianza mpango wa ngano uliosaidiwa na Serikali ya Kanada. Shirika la umma la NAFCO lilipewa ardhi, na hatimaye mashamba makubwa saba yakaanzishwa: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kwa jumla yalichukua kiasi cha ekari 100,000, na muhajega zilikuwa ndani yake. Taifa lilihitaji mkate, na wataalamu waliona uwanda ulio wazi wenye udongo mzuri. Matrekta yalilima malisho, yakaziba njia za mifugo kuelekea majini na kwenye chumvi, na katika sehemu kadhaa yakalima juu ya makaburi. Mtafiti Charles Lane, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alionyesha kwamba hasara haikuishia katika ekari zilizolimwa, kwa kuwa kupotea kwa malisho bora kuliuvunja mzunguko wote.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, pamoja na wanakijiji 67, ilifungua shauri dhidi ya NAFCO. Mahakama Kuu mjini Arusha iliwapa ushindi mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo. Kuhusu kijiji, mahakama ilisema hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile na mamlaka husika. Kuhusu mtu mmoja mmoja, ilisema hawakuthibitisha kwamba wote walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi.

Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kusimama. Neno lililodaiwa na sheria lilikuwa native, yaani mwenyeji wa asili ya Afrika. Mtu wa Basotu anapoulizwa kwa Kiswahili kama yeye ni mwenyeji, hataleta cheti cha asili yake. Atawataja majirani zake, atamtaja mgeni aliyempokea, ataonyesha bung'eda ya baba yake. Majina ya Wadatoga yenyewe huanza kwa viambishi vinavyojulikana, Gida- kwa wanaume na Uda- kwa wanawake, na kwa kusikia tu jina jirani humtambua mwenzake. Mambo yote hayo ni ushahidi wa uenyeji kwa maana ya Kiswahili. Kwa maana ya sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza mwaka 1923, hayakutosha. Mwaka 1987, wakati mashauri mengine yakiandaliwa, agizo la Serikali lilifuta haki za kimila katika maeneo ya Hanang yaliyohusika na mashamba hayo. Katika miaka ya 2000 mashamba ya NAFCO yaliingia katika ubinafsishaji. Sehemu ya ardhi ilirejeshwa kwa wananchi, na sehemu ikapita kwa mwekezaji. Kaburi lililokwisha kulimwa halikuweza kurejeshwa.

6. Hitimisho

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika mwezi wa Mei 2001. Zinaitambua haki ya kimila kuwa sawa kwa hadhi na haki iliyotolewa na Serikali, na zinaruhusu iandikiwe hati. Aidha, zinampa mwanamke haki iliyo sawa na ya mwanamume katika kupata, kushika na kutumia ardhi. Katika jambo hilo la mwisho sheria ya Tanzania imekitangulia cheo cha baroneti, ambacho mwaka 1993 kiliwaruka mabinti wa nyumba. Ni kweli kwamba mila za urithi katika Mbulu na Hanang nazo mara nyingi zimempa mwana wa kiume nafasi ya kwanza, na kwamba sheria kuwapo kitabuni na kufuatwa katika boma ni mambo mawili tofauti.

Hati ya kimila ni ngao nzuri, wala haifai kubezwa na mtu ambaye hajawahi kuliona trekta la mwenzake likiingia katika malisho yake. Hata hivyo, hati inamtaja mshikaji, nayo ina nafasi ndogo kwa majira, kwa njia za mifugo, kwa baraza la wanawake na kwa makaburi. Mfugaji anayehama na masika anaweza kuonekana katika karatasi kama mtu asiye na mahali, ilhali ana mahali pengi panapojulikana kwa majina. Kwa sababu hiyo taaluma ya Kiswahili ina kazi tatu za kufanya. Kazi ya kwanza ni kukusanya na kufafanua msamiati wa ardhi wa lugha jirani kama Kiiraqw na Kidatoga, ili maneno kama aya, muhajega, girgwageda na bung'eda yaingie katika marejeo yanayosomwa na mahakimu na maofisa ardhi. Kazi ya pili ni kuvitenganisha bayana, katika kamusi za sheria, vidahizo vya mwenye, mshikaji, mmiliki na mwenyeji, pamoja na kueleza ni ushahidi wa namna gani unaothibitisha kila hali. Kazi ya tatu ni kuwaandaa wakalimani wa mahakama wanaoelewa kwamba mzee anapojibu kwa kutaja kaburi la baba yake, atakuwa amelijibu swali aliloulizwa.

Kuhusu tatizo lililoanzia mada hii, baroneti na abaki baroneti. Kiswahili kina uwezo wa kulipokea neno hilo kama mgeni, na kulieleza pembeni kwamba ni mtu mwenye cheo cha urithi ambacho kiliwahi kuhitaji ardhi. Kumwita mwinyi kungempa majirani asiokuwa nao. Mtu wa Mulbadaw na mtu wa Kambi ya Simba hawakuomba cheo. Walichoomba ni kwamba neno mwenyeji, linapotamkwa mbele ya hakimu, lichukuliwe kwa uzito ule ule lililo nao nyumbani kwao.